Naomba Unipakatie

Mbavu zangu za kushoto zinauma kidogo, maana mwezi huu nimesafiri sana ndani ya jiji letu la Dar es Salaam. Nikisema nimesafiri usidhani nimepanda ndege. Nimetoka Gongo la Mboto kwenda Posta na kurudi, kila siku. Mwenye kujua ameshanipa pole.

Wazee walisema msafiri kafiri. Nadhani aliyetunga msemo huo alikuwa kituoni saa kumi na mbili jioni, akingojea daladala. Mchukue dada yeyote mpole unayemfahamu, yule anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya na kula wali kwa kijiko kidogo, umweke kituoni saa hiyo. Gari likitokeza kwenye kona, atavua viatu, ataubana mkoba kwapani, atatanguliza kiwiko, na wewe uliyekuwa ukizungumza naye habari za vitenge utabaki ukiutazama mgongo wake.

Kuna wanaoingia mlangoni na kuna wanaoingia dirishani. Kijana anatanguliza kichwa, miguu inabaki nje ikipigapiga hewa kama ya mtu anayejifunza kuogelea. Wengine hutupa leso au daftari dirishani ili siti ihesabike kuwa imekaliwa. Ukiingia ukakuta leso juu ya siti, usiiguse. Ina mwenyewe, na anakuja kwa hasira. Halafu kuna wenye akili zaidi, wale wa kugeuza nalo. Hawa wanapanda gari linaloelekea wasikotaka kwenda, wanafika nalo mwisho wa safari, wanalipa nauli mara mbili, na likigeuza wao wamekaa zamani, macho wameyafumba kama watu wenye mawazo mazito ya taifa.

Basi, ukishapata siti usifikiri umepumzika. Umepata kazi. Kabla gari halijaondoka, aliyesimama mbele yako atakuinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Anti, naomba unipakatie." Hangoji jibu. Mzigo umeshatua.

Msomaji uliyeko Songea au Bukoba ambaye hujafika huku, ngoja nikueleze. Katika daladala zetu aliyekaa humpakatia aliyesimama. Sheria hiyo haikuandikwa popote, konda hailazimishi, na hakuna anayelipwa. Wewe una magoti, mwenzako ana mzigo, basi. Mimi magoti yangu haya yamepakata mabegi ya wanafunzi, mazito kama yamejaa matofali. Yamepakata jogoo aliyefungwa miguu, akanitazama njia nzima kana kwamba mimi ndiye niliyemnunua. Yamepakata mfuko wa dagaa ambao harufu yake iliendelea kusafiri nami siku mbili. Yamepakata keki ya harusi, mwenyewe amesimama juu yangu akinisihi nisipumue kwa nguvu. Na yamepakata watoto, wengi mno, hata nikisikia dada zangu wanalalamika kwamba bado sijawaletea mtoto wa kulea, nawaambia mimi mbona nimelea nusu ya wilaya ya Ilala.

Desturi hii ina historia yake. Wakubwa wetu wanasimulia kwamba mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, yalipozidiwa na watu, serikali iliruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la daladala. Yalikuwapo magari yaliyoitwa chai maharage, yaliyofungwa mabenchi nyuma, abiria wakitazamana uso kwa uso na magoti yakigusana. Vilikuwapo vipanya, zile Toyota Hiace ambazo mtu mrefu alisafiri ameinama kama anayesali. Humo ndani usingeweza kujifanya humwoni mwenzako. Pumzi yake ulikuwa unaivuta wewe.

Konda naye ni mwalimu wa ujamaa asiyejijua. Unampa noti, jirani yako anampa noti, anawarudishia noti moja na kusema, "Wewe na huyo mzee mtagawana hapo hapo," kisha anakwenda zake akichezesha sarafu mkononi. Sasa wewe na mzee usiyemjua mmefunga ndoa ya chenji. Akishuka Ukonga, na wewe unafikiria kushuka. Nimewahi kumsindikiza baba mmoja hadi dukani kwa ajili ya mia tano, na tulipopata pa kuchenji tulikuwa tumeshazungumza kuhusu sukari yake, mkwe wake, na paa lake linalovuja.

Lakini kisa ninachotaka kuwasimulia ni cha mwaka jana. Nilikuwa nakwenda kwenye usaili wa kazi, ofisi moja huko mjini. Nilivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe, zote zimepigwa pasi tangu usiku kwa sababu umeme wa alfajiri siuamini. Nikawahi, nikapata siti ya dirishani. Mbele kidogo akasimamisha gari mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya maandazi mkononi. Konda akamkatalia, eti ndoo inajaza gari. Abiria wakapaza sauti: "Mwache apande! Kwani wewe hukuzaliwa?" Akapanda. Ndoo ikaenda kwa kijana mmoja wa suruali nyeupe, maana sijui kwa nini ndoo huwa zinatafuta suruali nyeupe, na mtoto akaja kwangu.

Hakulia. Alinitazama, akazitazama hereni zangu, akaridhika. Tulipofika Banana tulikuwa tumeshakuwa ndugu. Uwanja wa Ndege akalala. Tulipokaribia Tazara nikasikia joto mapajani. Joto la Dar es Salaam nalijua, na hili halikuwa lenyewe.

Mama yake alikuwa amebanwa safu tatu mbele. Akaniona usoni, akaelewa. "Mungu wangu! Mwanangu, samahani!" Gari zima likageuka. Bibi mmoja nyuma yangu akatoa leso. Mwanafunzi akachana karatasi mbili za daftari la hesabu. Konda, yule yule aliyeikataa ndoo, akaleta chupa yake ya maji. Kijana wa suruali nyeupe akanishauri nikifika niseme nimenyeshewa, na jua lilikuwa linawaka. Yule mama akafungua kanga yake ya juu, akaikunja, ikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu hadi kwangu.

"Jifunge hiyo, mwanangu, uende kwenye shughuli yako."

"Nitakurudishiaje, mama?"

"Utanirudishia tukionana."

Kituo kilichofuata akapokea mtoto wake dirishani, akachukua ndoo, akapotea katikati ya watu. Konda hakutaka nauli yangu. Alisema, "Dada, wewe umeshalipa."

Nikaingia kwenye usaili nimejifunga kanga juu ya sketi ya ofisini. Nilijibu maswali vizuri tu. Nilipogeuka kutoka ndipo nilipokumbuka kwamba kanga huwa na maneno, na maneno yenyewe yako nyuma yangu: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Waheshimiwa watatu waliyasoma kimya kimya. Kazi sikupata. Walisema wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano.

Wenzangu akina mama mnajua kwamba kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kwa hiyo katika jiji hili kuna mama mwenye kipande kimoja, na kipande cha pili kimo kabatini mwangu. Simjui jina wala hanijui. Hakunijua hata aliponikabidhi mtoto, na mtoto ndiye aliyekuwa mzigo mkubwa kuliko yote ndani ya gari lile.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu wa Dar es Salaam. Kijijini ukianguka wanakuokota kwa sababu wanamjua baba yako. Hapa nani anamjua baba yako? Wengi wetu kwetu ni mbali. Una shangazi Mbagala na mjomba Bunju, na kumfikia mmojawapo ni safari ya nusu siku. Mama akitaka kwenda kliniki au sokoni asubuhi, msaada alio nao ni ule wa mtu aliyekaa karibu naye. Magoti ya watu ndiyo ukoo wetu wa mjini.

Ndiyo maana naingiwa na wasiwasi, kwa sababu naona magoti hayo yanapungua. Kuna ugonjwa mpya, usingizi wa ghafla. Kijana yuko macho, anachekelea simu yake, mama mjamzito anapanda, na papo hapo kijana analala fofofo. Mama akishuka, anaamka mzima wa afya. Wengine wana waya masikioni, ukisema "naomba unipakatie" ni kama unaongea na mlingoti. Na tangu mwezi Mei 2016 tuna mabasi ya mwendokasi ya kutoka Kimara kwenda mjini. Mazuri, marefu, yana njia yao wenyewe, na siku lisipochelewa unafika kabla chai haijapoa. Ila mle ndani wengi tunasimama, tumeshika mabomba juu kama nguo kwenye kamba, na waliokaa wanatazama nje kwa bidii kana kwamba nje kuna sinema. Basi lenyewe halina kosa. Macho ni yetu. Wenye uwezo nao huita bajaji au gari kwa simu, wakaketi peke yao na hewa yao. Siwaonei wivu, labda kidogo siku ya mvua, lakini huko hakuna atakayekuomba umpakatie wala atakayekupitishia kanga.

Wengine wanaogopa, nami siwalaumu. Vibaka wapo. Wapo pia wanaume wanaoufanya mbanano kuwa kichaka cha kujifichia, na sisi wasichana tunawafahamu. Dawa yao ni mkoba mkubwa katikati na sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Baba, ondoa mkono wako!" Usione haya, mdogo wangu. Gari lile lile lililomtetea mama wa maandazi litakusaidia kumshusha.

Basi, kabla sijawaacha, nawapa masharti yangu ya kupakata, niliyojifunza kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwanza, pesa na simu usimpakatishe mtu. Hivyo kaa navyo mwenyewe, msije mkatiana majaribuni.

Pili, kama mzigo una roho au una harufu, tangaza mapema. Kusema "ni mboga tu" wakati kitu kinajitingisha ndani ya mfuko si ungwana.

Tatu, mtoto apakatishwe aliyekwisha kunywa, na si anayeendelea kunywa. Na mama simama mahali ambapo atakuona uso, na wewe umwone.

Nne, usingoje kuombwa. Mtu mwenye aibu atasimama na begi kutoka Pugu hadi Posta bila kufungua mdomo. Wewe nyosha mkono useme, "Lete nikupakatie." Maneno mawili tu, na utamwona mabega yanashuka.

Tano, ukishuka sema asante. Ukiwa na maandazi, sema asante kwa vitendo.

Kutoa ni moyo, wala hujaambiwa utoe siti. Siti umeihangaikia, kaa nayo. Unaombwa magoti tu, na hayo unashuka nayo vile vile ulivyopanda nayo, pengine yamelowa kidogo.

Kwaherini hadi mwezi ujao. Na wewe mama wa ndoo ya maandazi, kama gazeti hili litapita mikononi mwako, kipande chako nimekifua na kukipiga pasi. Siku hizi napanda gari la saa kumi na moja na nusu alfajiri, nakaa upande wa dirisha. Mwanao atakuwa amekua na ameanza kutembea, lakini mlete, nitampakata tena. Safari hii nimevaa sketi nyeusi.