Hofu ya Mgonjwa na Ukuaji wa Bakteria

Masika yanapokaribia, mkazi wa bonde la Msimbazi hulala usingizi wa mang'amung'amu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wengi wa Jangwani hadi Mabwepande. Waliobaki huyasikiliza maji usiku. Mtu huyu akifika zahanati akiharisha, huenda akaambiwa, "Ni wasiwasi tu," au akapewa dawa bila kuulizwa neno. Majibu yote mawili yana kasoro.

Mwili wenye hofu humimina noradrenalini, na neva za utumbo nazo huitoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Mark Lyte wa Marekani alionesha maabarani kwamba kemikali hiyo huharakisha ukuaji wa bakteria aitwaye Escherichia coli. Sababu mojawapo ni madini ya chuma. Transferini, protini ya damu, huyafunga madini hayo ili vijidudu visiyapate. Noradrenalini hulegeza kifungo hicho, bakteria wakajipatia. Hata hivyo, si kila kemikali ya neva huwanufaisha. Serotonini, ambayo takribani asilimia 90 yake hutengenezwa katika utumbo, ilionekana mwaka 2020, katika maabara na kwa panya, kupunguza ukali wa baadhi ya bakteria wa utumbo.

Ushahidi mwingi ungali wa maabara na wanyama. Haumruhusu mtu kudai kwamba hofu huleta kipindupindu. Ugonjwa huo huletwa na maji na chakula vyenye vimelea vyake. Wala hauhalalishi kununua antibiotiki kiholela katika maduka ya Kariakoo. Lakini watosha kurekebisha mwenendo wodini. Mwaka 2003 ilibainika kwamba noradrenalini na dawa za jamii yake, ziokoazo wagonjwa mahututi, huweza kuchochea Staphylococcus epidermidis kukua na kujenga utando juu ya plastiki za aina itumikayo katika vifaa vya tiba. Dawa hizo zisiachwe. Anayezitundika ndiye apaswaye kunawa mikono, kusafisha kiungio cha mpira kila anapokigusa, na kuutoa mpira mara usipohitajika. Mgonjwa naye ana haki ya kukumbusha.

Vilevile, kumweleza mgonjwa kitakachofanyika kabla ya sindano kusihesabiwe kuwa adabu ya ziada. Mhudumu amuulize anaishi wapi, anakunywa maji gani, na anaogopa nini, kisha atibu kuhara kwake kwa uzito uleule.