Kitambi hakiondoki kwa kushinda njaa

Msimu ukikaribia, huku Shinyanga na Geita hawakosekani wachezaji waliorudi mazoezini na vitambi. Dawa yao? Asubuhi chai kavu, jioni mazoezi, usiku maji na kulala. Mizani inashuka, wanafurahi. Kumbe na msuli umeondoka. Kiungo hukimbia kama kilomita 10 kwa mechi, atatoa wapi nguvu? Dakika ya 60 pale Kambarage, na lile jua, mtu kashika kiuno.

Makocha, msiishie kuwapima kilo, waulizeni wamekula nini. Soda na chipsi wapunguze, sawa. Ugali wa kiasi, maharage, dagaa, hata matobolwa, vibaki. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Na viongozi, posho ya chakula itoke mazoezi yakianza, siyo baada ya mechi ya tatu.