Aitwe Nani?

Majuzi, katika zoezi la kutafsiri hapa Dodoma, mwanafunzi wangu alimkuta katika habari mtu wa Cornwall, akamwandika "Mwingereza". Wenzake wakamwunga mkono: ati hiyo si ncha tu ya kisiwa cha Waingereza? Nikamwuliza, naye ni mzaliwa wa Bahi, kama angeridhika kuandikwa "mtu wa Bara" na basi. Hakuridhika.

Haya, tuseme kweli. Mtu huyo, kwa lugha ya wazee wake iliyo jamaa ya lugha ya Wales, huiita nchi yake Kernow. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri kwamba watu wake ni jamii ndogo yenye haki ya kulindwa. Jina Cornwall latoka kwa Waanglo-Saksoni, na sehemu yake ya mwisho ni neno lililokuwa na maana ya wageni. Wenyeji wakaitwa wageni juu ya ardhi yao!

Nasi Ugogo twaijua hali hiyo. Yasimuliwa kwamba wasafiri wa Kinyamwezi waliona magogo njiani, wakawapa wenyeji jina. Baadaye jina hilo likageuzwa tusi: aombaye barabarani huitwa Mgogo, awe wa kabila lolote. Wasemao hivyo hawakumbuki Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyochochewa na majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kwa kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Uombaji ni mtoto wa njaa, si wa kabila.

Kuna watakaouliza: mbona basi hulikatai jina "Mgogo"? Kwa sababu mwenyewe amelikubali. Mathias Mnyampala, Mgogo na mshairi, alilitia katika jina la kitabu chake cha historia na mila za watu wake mwaka 1954, wala hakuona haya. Jina ni mali ya mwenye kuitwa. Hilo ndilo neno langu lote.

Kwa hiyo nashauri tuandike Mkerno, wengi Wakerno, na lugha yao Kikerno. Kiswahili hakikupungukiwa na viambishi. Kilichopungua ni adabu yetu. Na mwanafunzi aliyejifunza kuuliza jina la mtu wa mbali kabla ya kumbatiza, asirudi bwenini kumcheka jirani yake kwa jina lake.