Siri ya Mgonjwa na Uhai wa Anayetishiwa

Wajibu wa kisheria wa mtaalamu wa afya ya akili kumlinda mtu anayetishiwa na mgonjwa wake ulianzia California, katika kesi iitwayo Tarasoff. Mwaka 1969, mwanafunzi kutoka India aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wa hospitali ya chuo kwamba atamuua binti aliyemkataa. Hakumtaja jina, lakini kumjua haikuwa kazi. Mwanasaikolojia hakunyamaza. Aliwaarifu polisi wa chuo kwa mdomo, kisha kwa barua, akitaka kijana azuiliwe na kupimwa. Polisi walimshika, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia alipoahidi kukaa mbali na binti huyo. Mkuu wa idara ya tiba ya akili akaagiza barua irudishwe, nakala ziharibiwe na shauri liishie hapo. Kijana aliacha matibabu. Tarehe 27 Oktoba, baada ya binti kurejea kutoka Brazil, alimuua.

Habari za tishio zilipita mikononi mwa watu kadhaa wenye vyeo. Binti na wazazi wake hawakuambiwa neno.

Wazazi walishtaki. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California ilitamka kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuonya. Ilipoisikiliza kesi upya mwaka 1976, ilisema wajibu ni kumlinda mlengwa kwa uangalifu unaostahili: kumwonya, kuwaita polisi, au kuchukua hatua nyingine inayofaa. Kwa maoni ya Jaji Mathew Tobriner, siri ya mgonjwa hailindwi tena pale usalama wa wengine unapokuwa hatarini.

Jaji William Clark alipinga, na hoja zake ni nzito hadi leo. Mgonjwa akijua maneno yake yanaweza kufika polisi, atayaficha au hatakuja kabisa, na jamii itampoteza mtu ambaye bado alikuwa karibu na msaada. Tena, mtaalamu anayeogopa kushtakiwa anaweza kumlaza mgonjwa kwa nguvu bila sababu, maana wengi wanaotamka vitisho hawavitimizi, na hakuna kipimo cha kuwatenga kwa uhakika.

Hata hivyo, hoja hizo zinaupinga wajibu mpana kuliko mwembamba. Sheria ya California ya mwaka 1985 iliuwekea mipaka: tishio liwe zito, la kudhuru mwili, na mlengwa awe anatambulika. Mahakama ya Juu ya Texas iliukataa wajibu huo mwaka 1999. Huko sheria inamruhusu mtaalamu kuwaambia polisi, haimlazimishi. Uingereza nako, katika kesi ya Egdell ya mwaka 1990, daktari alikubaliwa kutoa siri kwa usalama wa umma. Jimbo la Washington lilikwenda upande wa pili mwaka 2016, likaupanua wajibu hadi kwa watu ambao mgonjwa hakuwalenga waziwazi.

Njia ya Texas inaacha uhai wa mtu utegemee hiari ya mwingine. Ile ya Washington inamtwika mtaalamu mzigo wa kubashiri. Mipaka ya California ndiyo yenye haki zaidi, mradi mgonjwa aelezwe mipaka hiyo siku ya kwanza ya matibabu, kabla hajaanza kusimulia yaliyo moyoni.