Ufunguo Mmoja, Nyumba Mbili

Katika jimbo la California, mtoto wa miaka 16 anaweza kupewa leseni ya udereva yenye masharti. Kabla ya hapo hujifunza kwa miezi 6, na mzazi huthibitisha kwa saini kwamba kijana ameendesha saa 50 akisimamiwa, 10 kati ya hizo usiku. Wazazi wakiwa wametengana, saa hizo hugawanyika: nyingine kwa mama kule Sacramento, nyingine kwa baba kule Oakland. Mpaka hapo wengi husikilizana. Maneno huanza inapofika hesabu ya bima.

Kijana akiingizwa kwenye bima ya familia, ada hupanda sana, na si kwa uonevu. Kwa kila maili wanayoendesha, madereva wa miaka 16 hadi 19 nchini Marekani hupata ajali za vifo karibu mara tatu ya wenye miaka 20 na kuendelea. Gharama ipo, na lazima alipe mtu.

Mzazi aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa ni rahisi kukosea hapa. Kwetu bima hufuata gari. Ukikata bima kubwa, kampuni hutazama zaidi thamani ya gari lenyewe. Marekani kampuni huuliza pia: nani anaishi nyumbani kwako? Kila mwenye leseni aliye chini ya paa hilo hutakiwa atajwe. Na mtoto wa wazazi walioachana ana mapaa mawili.

Ndiyo maana baadhi ya kampuni hutaka jina lake liwe kwenye mikataba yote miwili. Kumtoza kila mzazi kana kwamba kijana anakaa kwake mwaka mzima ni dhuluma, kwa kuwa dereva ni mmoja na hashiki usukani wa magari mawili kwa pamoja. Mwaka 1988 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo namba 103, linalotaka bei ya bima ipimwe kwanza kwa rekodi ya dereva, kisha maili anazoendesha kwa mwaka, kisha miaka ya uzoefu wake. Basi maili za kila nyumba zihesabiwe peke yake. Kama kwa baba anaendesha wikendi mbili kwa mwezi, baba alipie wikendi mbili.

Hata hivyo, simuungi mkono mzazi anayenyamaza ili kukwepa ada. Bima nyingi humkinga mtu aliyeazimwa gari mara moja moja. Kijana mwenye ufunguo wake mfukoni si mwazimaji, na kampuni ikigundua kwamba alifichwa inaweza kukataa kulipa au kuuvunja mkataba. Hapo mzigo unamrudia mzazi, maana aliyetia saini ombi la leseni ya mtoto hubeba pamoja naye dhima ya uzembe wake barabarani, kwa viwango vilivyowekwa na sheria. Tangu Januari 1, 2025, kinga ya chini kabisa jimboni humo ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja. Kwa bei za hospitali za Marekani, upasuaji mmoja unaweza kuzimaliza zote.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwenye hati za talaka. Hupanga shule, likizo na daktari, lakini kuhusu gari mara nyingi ziko kimya, kwa sababu mtoto alikuwa na miaka mitano zilipoandikwa. Zifunguliwe upya kabla kijana hajaanza kujifunza. Mwenye gari akate bima na kumtaja kijana waziwazi, mwenzake achangie kwa kadiri ya kipato chake, na wazungumze wao wenyewe, wasimtume mtoto kubeba ujumbe wa pesa kila Ijumaa. Wasiposikilizana, mzazi aliyetia saini anaweza kuomba leseni ya mtoto ifutwe, na kijana aliyekamilisha saa zake 50 atarudi kusubiri basi.