Lenzi Inayotii Nuru

Hapa Kyebando, upande wa kuelekea Kalerwe, yuko fundi cherehani wa makamo ambaye kila nipitapo humwona ameketi mlangoni mwa kibanda chake ili apate mwanga, akiusogeza uzi na sindano mbali na uso, mkono ukinyooka hata ukakoma, kisha akamwita mtoto wa jirani amtungie. Jicho lake si gonjwa. Ila lenzi iliyomo ndani yake, kama ilivyo desturi kwa aliyepita umri wa miaka arobaini, imekakamaa, haijikunji tena kutazama kilicho karibu. Miwani ya kusomea ingemfaa kwa sindano, lakini akiinua uso kumtazama mteja angemwona kama aliye ndani ya ukungu.

Ndiyo maana nimezifuatia kwa shauku habari za lenzi bapa za fuwele kioevu, ile hali ya maada iliyo baina ya kimiminika na fuwele, aliyoibaini Friedrich Reinitzer mwaka 1888 katika dutu iliyotokana na karoti, na ambayo leo imo katika vioo vya televisheni. Mwaka 1979 Susumu Sato wa Japani alieleza lenzi ya namna hiyo inayogeuzwa nguvu kwa umeme. Na sasa wako wanaochanganya ndani yake rangi za jamii ya azobenzini, ambazo molekuli zake hujipinda zikipigwa na nuru ya urujuanimno, zikazigeuza na jirani zao, hata nguvu ya lenzi ikabadilika pasipo waya wowote.

Ugumu haujakwisha, maana kipenyo kikiongezwa maradufu, kwa unene ule ule, nguvu hubaki robo, na tabaka likinenepeshwa ili kuifidia, hukawia kutii. Lakini linalonishughulisha zaidi ni jua. Nuru ya urujuanimno inayoamrishwa kwa kipimo katika maabara yenye giza, hapa karibu na Ikweta humwagika mlangoni mwa fundi tangu asubuhi, nayo yaweza kuipinda lenzi bila idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo naona ni wajibu wa mabingwa wa fizikia wa Makerere, mwendo mfupi kutoka hapa, kudai sehemu katika majaribio haya mapema, kabla chombo hakijakamilishwa kwa kipimo cha mawingu ya Ulaya. Na kiti cha kwanza cha majaribio kiwekwe kwenye mlango kama ule, saa sita mchana, sindano ikiwa mkononi.