Simiyu ihesabu miti iliyopona, si iliyopandwa

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha Simiyu, mwezi Oktoba au Novemba, magari hubeba miche kutoka vitaluni na kuisambaza shuleni, kwenye zahanati na kwenye ofisi za vijiji. Mashimo huchimbwa, viongozi hupanda, picha hupigwa na takwimu hutumwa mkoani. Ifikapo Agosti, pale palipopandwa mche mara nyingi hubaki kijiti kikavu na alama za kwato za mbuzi.

Kwa miaka kadhaa kila halmashauri nchini imekuwa ikiagizwa kupanda miche milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo ni jema, lakini linapima kazi ya siku moja. Mti hauwi mti siku unapopandwa. Unakuwa mti baada ya kuvuka kiangazi cha kwanza na cha pili, na kwa Simiyu kiangazi hicho huanza Juni hadi mvua zinaporudi.

Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, una sababu ya kulijua hilo kuliko mikoa mingine. Misitu ya Usukuma ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuondoa mbung'o, kisha ikafyekwa zaidi kwa ajili ya pamba, malisho na kuni. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao ulidumu hadi 2004. Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa ndani ya mkoa huo wa Shinyanga.

Mwanzoni HASHI ilitegemea vitalu vikubwa na miche ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipokubali kujifunza kwa wenyeji utaratibu wa ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kulipumzisha ili miti na nyasi za asili ziote zenyewe. Ngitili zilizokuwa hekta zipatazo 600 mwaka 1986 ziliongezeka hadi kupita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siri haikuwa wingi wa miche. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alizuia mifugo.

Kwa msingi huo, mahali pa kwanza pa kupeleka mche leo ni uani kwa mwananchi, kwa kuwa hapo pana mtu, pana maji ya kuoshea mboga, na pana jicho la kumfukuza mbuzi.

Swali linalofuata ni mti gani. Nyua nyingi zina mwarobaini, mjohoro au mkrismasi. Yote mitatu ni migeni: miwili ya kwanza asili yake ni Asia, na mkrismasi ulitoka Madagaska. Si vibaya kuwa nayo, lakini upo mti wa nyumbani unaosahaulika. Huo ni mkwaju, ambao tunda lake Wasukuma huliita bushishi na hulitia kwenye uji. Jina lake la kitaalamu linataja India, lakini asili yake ni Afrika. Mzizi wake mkuu huenda chini sana, hivyo huvumilia ukame, na kivuli chake ni kizito.

Ukweli usemwe: mkwaju hukua taratibu. Uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa, ingawa ule wa kubebesha huweza kuanza ukiwa na miaka mitatu au minne. Hatimaye huwa mti mkubwa, kwa hiyo upandwe mita nane hadi kumi kutoka ukutani.

Kalenda yake inaendana na ya mkulima wa pamba. Mbegu huoteshwa Juni, pamba inapopelekwa sokoni. Zilowekwe maji usiku kucha, kisha zipandwe kwenye viriba virefu; nyingi huota ndani ya wiki moja au mbili. Viriba visogezwe mara kwa mara ili mzizi usizame ardhini. Mvua zinapotulia Novemba au Desemba, mche huwa tayari kwenda shambani.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote. Penye luseni, udongo wa kichanga ambako kaya nyingi zimejengwa, mkwaju hauna shida. Penye mbuga, ule udongo mweusi unaotuamisha maji na kupasuka kiangazi, mche uinuliwe kwenye tuta, kwa sababu mkwaju hauvumilii kusimama majini.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Mche uzungushiwe miiba siku hiyohiyo, si kesho. Nyasi kavu au maganda ya karanga yatandazwe kuhifadhi unyevu, lakini yasiguse shina, maana yanaita mchwa. Kiangazi, ndoo moja ya lita 20 kwa wiki inatosha, ikimwagwa taratibu jioni. Asiye na ndoo ya ziada achukue chupa ya plastiki, aitoboe tundu dogo chini, aifukie kando ya mche na kuijaza kila inapokauka. Matawi ya chini yapogolewe kidogo kidogo ili watu waweze kukaa chini ya mti.

Gharama ya yote hayo ni ndogo. Faida ni kivuli cha kuanikia na kuchambulia mazao, cha kupumzishia wazee na watoto, na baadaye ukwaju wa kula na wa kuuza.

Halmashauri za Simiyu nazo zina la kufanya. Vitalu viongeze miche ya asili, hasa mkwaju, badala ya kuzalisha ile inayochipua haraka tu. Viongozi wa vijiji wasimamie sheria ndogo za mifugo baada ya mavuno, wakati ng'ombe na mbuzi wanapoachiwa kuzurura. Na hesabu ya miti ifanyike Oktoba, baada ya kiangazi cha pili, kaya kwa kaya. Takwimu hiyo huenda ikawa ndogo kuliko ya siku ya kupanda, lakini ndiyo itakayoonyesha kama fedha za miche zimezaa kivuli au zimeishia kwenye picha.